Chuoni na kazini havijuani: majibu kwa wanagenzi, wazazi na wenye karakana

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wanaosoma ufundi kwa mfumo wa uanagenzi, yaani muda fulani chuoni na muda fulani kazini: je, mmeridhika? Barua zimekuja nyingi na jambo moja limejirudia. Wachache wanamlalamikia mwalimu, wachache wanamlalamikia bosi. Wengi wanalalamika kwamba mwalimu na bosi hawajuani, na mwanafunzi ndiye anayepeleka habari huku na huku ilhali hana sauti kwa yeyote kati yao. Tumechagua barua saba, na baadhi tumezifupisha.

SWALI: Shikamooni. Nasoma ufundi wa magari, mwaka wa pili. Tunakaa chuo wiki sita, kisha gereji wiki sita. Hii ni awamu yangu ya tatu gereji na bado naosha spana, nafagia, natumwa spea na chai. Fundi mkuu ananiambia "wewe tazama tu". Nikirudi chuo mwalimu akiniuliza nimejifunza nini, sina la kusema. Nihame gereji?
Mwanagenzi, Moshi

JIBU: Marahaba. Usihame kwanza.

Kufagia na kuosha spana ni sehemu ya ufundi, na gereji chafu huua watu. Lakini kama wiki mbili za mwanzo zimepita na kazi hizo bado zinakula zaidi ya saa moja kwa siku, basi umegeuzwa kibarua asiyelipwa. Kwako ni awamu ya tatu, kwa hiyo malalamiko yako ni ya haki.

Sasa jiulize kwa nini fundi anasema "tazama tu". Yeye analipwa kwa gari linalotoka, mteja amesimama mlangoni, na ukikosea atalaumiwa yeye. Zaidi ya hayo, hajui unachokiweza. Barua za vyuo vingi husema tu "apewe mafunzo kwa vitendo", basi. Hakuna aliyemwambia kwamba mfumo wa breki umeshausoma na mtihani wake umeufaulu. Mwambie wewe. Andika kwenye karatasi moja kazi zote ulizozifanya chuoni kwa mikono yako, umpe asubuhi kabla magari hayajajaa, na umwombe kazi moja yenye jina. Ukisema "naomba unifundishe" umempa mzigo. Ukisema "naomba nifunge pedi za breki upande wa kulia" umempa msaidizi.

Tunataja breki za mbele makusudi, kwa sababu zina pande mbili zinazofanana. Fundi anafunga kushoto nawe unatazama, kisha wewe unafunga kulia naye anakagua kabla tairi halijarudi. Legeza nati kabla ya kupiga jeki. Weka stendi, usiiamini jeki peke yake. Ukishafungua bolti za kalipa (kibano kinachoshika pedi), itundike kwa kipande cha waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Pima unene wa diski kwa maikromita na ulinganishe na kipimo cha mwisho kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Ukitumia venia (kipimo cha taya mbili) uwe mwangalifu: ukingo wa nje wa diski hauliwi na pedi, hivyo venia ikishika ukingo itakuonyesha diski nzima kumbe katikati imekwisha. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, angalia kikopo cha mafuta ya breki, maana mafuta yatapanda, na yakimwagikia bodi yanababua rangi. Paka grisi ya breki kwenye pini za kalipa, kamwe isiguse uso wa pedi wala diski. Nati za tairi zikaze kwa mtindo wa msalaba, na umalizie gari likiwa chini.

Kisha jambo linalosahauliwa kuliko yote: kanyaga pedeli ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pistoni umezirudisha nyuma, hivyo mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini bila kushika, na gari huishia ukutani au kwenye gari la mteja mwingine. Fundi akikuona unafanya hivyo bila kuambiwa, gari linalofuata atakuita.

Logibuku, yaani daftari lako la kazi za kila siku, ijaze siku hiyo hiyo: gari gani, lilikuwa na tatizo gani, ulichofanya mwenyewe, ulichosaidia, kilichokushinda, saini ya fundi. Siku ya kutazama tu andika "nilitazama", na siku ya kutumwa chai andika hivyo hivyo bila hasira. Logibuku iliyojazwa wiki sita kwa usiku mmoja, kalamu moja na mwandiko mmoja, mwalimu huitambua akiifungua tu, na haiwezi kukutetea. Iliyojazwa kila siku ni ushahidi. Wiki mbili zikipita bila badiliko, ipeleke kwa mwalimu anayesimamia wanafunzi walio kazini na umwombe aje gereji mkae watatu. Wiki mbili nyingine zikipita baada ya kikao hicho, hama, na chuo kikuandikie barua ya kuhama ili muda uliotumikia usipotee.

Usidhani ni bahati yako mbaya peke yako. Ujerumani ina sheria ya mafunzo ya ufundi tangu 1969, nayo inasema wazi kwamba mwanagenzi apewe kazi zinazotumikia mafunzo yake tu. Hata huko wapo wanaotumwa kahawa.

SWALI: Nasomea umeme wa majumbani. Chuoni tunaunga nyaya kwa konekta ndani ya kisanduku na tunapima kwa mega, kifaa cha kupima uzima wa mpira wa nyaya. Saiti fundi anasokota nyaya na kuzungushia tepu, ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) anasema itawekwa baadaye, na kupima ni kuwasha taa. Nikiuliza naambiwa hayo ni ya darasani. Nimfuate nani?
Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Inategemea tofauti yenyewe ni ya namna gani, na ndiyo maana usimjibu fundi kwa mkumbo.

Zipo tofauti za mkono. Namna ya kupitisha waya kwenye paipu yenye kona tatu, kupima urefu kwa jicho, kupanga kazi ili usipande ngazi mara mbili: hapo mfuate fundi kwa macho yote mawili, maana hayo chuo hakina muda wa kukupa.

Ipo kazi duni, na kiungo cha kusokota na tepu ni mfano wake. Juu ya dari, chini ya bati, joto hukausha gundi ya tepu mpaka ikaachia. Kiungo kikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda panachemka, na nyumba huungua miezi mingi baada ya fundi kulipwa. Usibishane naye mbele ya mwenye nyumba. Njoo na konekta chache mfukoni useme, "Fundi, naomba hivi viwili nivifunge kwa konekta, mwalimu atakuja kuvikagua." Chuo ndicho kisingizio chako cha heshima. Kitumie.

Halafu kuna hatari ya roho, na hapo usimfuate mtu yeyote. Usishike waya kabla hujahakikisha kwamba hauna umeme, na kuhakikisha kuna hatua tatu: jaribu testa yako mahali penye umeme uone inafanya kazi, pima waya unaotaka kuushika, kisha rudi ujaribu testa tena pale penye umeme. Bila hatua ya tatu hujui kama testa imekufa katikati ya kazi. Usiunganishe hita ya kuogea isiyo na ethi, hata ukiambiwa itawekwa kesho. Na usikubali kubadilisha breka ya ampea 20 kwa ya 40 eti kwa sababu "inakata kata" kwenye saketi ya nyaya za milimita mraba 2.5. Ukiiweka, waya wenyewe ndio unaogeuka fyuzi, ndani ya ukuta.

Kuwasha taa hakupimi chochote zaidi ya taa. Mega ya volti 500 hupima kama mpira wa nyaya ni mzima: zima meni, toa balbu na vifaa vyote, pima kati ya laini na ethi, nyutro na ethi, laini na nyutro. Chini ya megaomu 1 kazi haipiti. Nyaya mpya na kavu zinapaswa kusoma juu sana ya hapo, kwa hiyo ukiona 2 au 3 kwenye nyumba mpya usishangilie. Kuna msumari, kuna maji, au kuna waya uliochubuka ukivutwa kwenye paipu.

Andika namba hizo kwenye logibuku. Kufunga umeme kwa malipo Tanzania kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na siku utakapoiomba, vipimo ulivyoandika vitasema zaidi ya maneno "nilishiriki kufunga nyumba".

SWALI: Binti yangu ana miaka 17, anasomea huduma za hoteli, na sasa yuko kazini kwenye hoteli moja. Anasema ameridhika kabisa: wanakula vizuri na wageni wanampa bakshishi. Mimi sina raha. Tangu aanze yuko vyumbani tu, na wiki hii amepangiwa zamu ya usiku. Nakosea?
Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Hukosei, mama. Tuanze na la haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kazi za muda huo imewakataza walio chini ya miaka 18. Nenda chuoni kesho na nakala ya cheti cha kuzaliwa, uombe waandike barua kwa hoteli. Anza na chuo, wala usiende hotelini kugomba, kwa sababu binti ndiye atakayebaki pale ukishaondoka.

Kuhusu kuridhika kwake: anasema kweli, ila anajibu swali jingine. Ameridhika na mahali. Wewe unauliza kama anajifunza. Ili ujue, usimuulize "unaonaje kazi?" Muulize chumba kimoja anakimaliza kwa dakika ngapi, na alipoanza zilikuwa ngapi. Mtu mzoefu kwa kawaida hupewa vyumba kama 12 hadi 16 kwa zamu ya saa nane, yaani takribani nusu saa au zaidi kidogo kwa chumba. Muulize nani hukagua chumba chake kabla ya mgeni kuingia, na mara ya mwisho alikosolewa nini. Kama hakuna anayekagua, hakuna anayemfundisha. Muulize pia mwezi ujao anahamia wapi. Mafunzo ya hoteli yanapaswa kuzunguka: vyumba, mgahawa, jiko, mapokezi. Kukaa idara moja awamu nzima kunaifaa hoteli iliyopungukiwa na wafanyakazi, si mwanafunzi.

Kabla ya awamu nyingine, taka haya kwa maandishi: ratiba ya idara na tarehe zake, jina la msimamizi wake katika kila idara, nani anamrudisha nyumbani zamu ikiisha giza limeingia, nani anagharimia matibabu akiungua kwa mafuta jikoni, na ni nani mwanamke anayeweza kumwendea akisumbuliwa na mgeni au mkubwa wake wa kazi. Hilo la mwisho mabinti wengi hawalisemi nyumbani, wala halionekani katika fomu yoyote ya maoni. Wasomaji wa Kenya wafahamu kuwa sheria yao ya ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, na kwamba sheria yao ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huo huo, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Ombeni kuiona sera hiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Mkuu wa chuo anataka tupime kuridhika kwa wanafunzi 60 walio kwenye mafunzo ya chuo na kazi. Mwaka jana tuligawa fomu ya alama 1 hadi 5, karibu wote wakaweka 4 na 5. Mwezi uliofuata wanane wakaacha. Tulikosea wapi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, fomu hiyo imepima adabu. Mwanafunzi anayejua kwamba anayekusanya karatasi ndiye anayetoa alama za mwisho hawezi kukuandikia 1, na kwa malezi yetu ni vigumu kijana kumwambia mkubwa wake kwamba alichopewa ni kibaya. Tena swali "umeridhikaje na mafunzo?" limefunga vitu vitatu kwenye kifurushi kimoja: chuo, mahali pa kazi, na kiungo kati yao. Anayempenda mwalimu wake na kuichukia gereji ataweka 3 au 4, nawe huwezi kujua.

Badilisha kwanza mkono unaokusanya. Mtu asiyefundisha wala kusahihisha, mhasibu kwa mfano au mlezi wa bweni, apokee karatasi zisizo na majina kwenye sanduku lililofungwa. Kama hoteli moja ina wanafunzi watatu, usitoe matokeo ya hoteli hiyo peke yake, watatambulikana. Unganisha mpaka kundi lifike watano au zaidi.

Pili, uliza matukio badala ya hisia. "Wiki iliyopita, ni kazi ngapi ulizifanya mwenyewe mwanzo hadi mwisho, msimamizi akitazama?" "Mara ya mwisho msimamizi alikukosoa lini, na ulikosea nini?" "Kati ya ulichosoma chuoni awamu iliyopita, taja kimoja ulichokitumia kazini. Kama hakuna, andika hakuna." "Mwalimu wa chuo alikutembelea mara ngapi, na alikaa muda gani?" "Ulitumia kiasi gani kwa nauli wiki iliyopita?" Maswali haya hayamlazimu kijana kumsema mtu, na majibu yake unaweza kuyafanyia kazi. Ukikuta wanafunzi wa saiti moja wote wameandika "hakuna", unajua pa kwenda Jumatatu. Swali moja la hisia linatosha, liwe la mwisho: "Ungemshauri mdogo wako aje asome hapa na afanye kazi pale ulipo?" Ndiyo au hapana, na kwa nini. Tumeliona likifungua midomo kuliko alama zozote, kwa sababu mtu haoni haya kumlinda mdogo wake.

Tatu, muda. Uliza wiki ya tatu kazini, wakati bado unaweza kumhamisha mtu. Uliza tena katikati ya kozi, na miezi sita baada ya kuhitimu kwa simu. Fomu ya siku ya mahafali ni ya kumbukumbu tu.

Na wale wanane ndio muhimu kuliko wote. Chukua mfano wa chuo kingine: tuseme walianza 40, wamebaki 28, na 25 kati yao wanasema wameridhika. Ripoti itasema asilimia 89. Ukihesabu kutoka kwa walioanza ni asilimia 62.5, na hata hiyo unaipata bila kujua walioondoka walisemaje. Wapigie simu. Wengi watakwambia sababu isiyohusu ufundi kabisa: nauli, chakula cha mchana, kodi ya chumba mjini, mimba, au mzazi aliyeugua. Nyingine zinatibika kwa fedha ndogo sana kuliko gharama ya mwanafunzi aliyeacha katikati.

Ukishapata matokeo, wasomee wanafunzi ndani ya wiki mbili na uwaambie jambo moja litakalobadilika. Wasipoona badiliko, fomu inayofuata wataijaza wakiwa wanapiga soga.

Mwambie mkuu wako pia kwamba kuridhika hakutoshi. Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika juu ya upimaji wa mafunzo mwaka 1959, aliona ngazi nne: mwanafunzi alivyopokea mafunzo, alichojifunza, alivyobadilika kazini, na matokeo yaliyopatikana. Fomu yenu iko ngazi ya kwanza. Ujerumani, vijana wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, DGB, hutoa ripoti kila mwaka, na kwa miaka mingi karibu 7 kati ya 10 wamekuwa wakisema wameridhika. Ripoti hizo hizo huonyesha kuwa karibu theluthi ya wanagenzi kazini kwao hakuna mpango wa mafunzo ulioandikwa. Mtu anaweza kuridhika bila kujua amenyimwa nini.

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Chuo kinaniletea vijana watatu kwa wiki sita. Wananimalizia elektrodi, na wakianza kunifaa wanaondoka. Nawapenda vijana lakini napata hasara. Niendelee?
Mwenye karakana, Mwanza

JIBU: Endelea, ila kwa masharti yako. Chukua mmoja, au wawili kama una fundi mwingine wa kuwasimamia, na uwaombe chuo miezi mitatu mfululizo. Kwa uchomeleaji, wiki nne hadi sita za mwanzo ni za kutoa. Faida huja baadaye, na wewe unawaachia pale pale inapoanza.

Hasara ya elektrodi inapunguzwa kwa kumzuia kijana asiguse kazi ya mteja mapema. Mpe vyuma chakavu vya milimita 5 au 6 na elektrodi za milimita 2.5, mashine kwenye ampea 70 hadi 90, achomelee mistari mitupu. Akitoa kumi mfululizo iliyonyooka, mpe kiungo. Elektrodi inayonata ni ampea ndogo au mkono wenye woga. Chuma kinachochimbika pembeni mwa weldi ni ampea nyingi au mkono ulio mbali mno. Uchafu ndani ya weldi ni kwa sababu hakugonga magamba, yaani ganda linalobaki juu ya weldi, kabla ya kupita mara ya pili. Akijua kusoma makosa hayo kwenye chuma, hatakuita kila dakika. Wakati huo huo anakulipa kwa kazi nyingine: kupima, kukata, kusaga, kugonga magamba, kupaka rangi ya kuzuia kutu.

Kila kijana awe na barakoa yake yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Miwani ya jua ya barabarani haizuii mwanga wa weldi, na macho "kuingia mchanga" usiku ndiyo sababu ya kwanza ya kijana wa kuchomelea kutorudi kazini siku ya tatu. Mpe na nauli na chakula cha mchana. Wenye karakana wengi hudhani vijana wanataka mshahara, na wangeupenda, lakini kinachowakatisha mahudhurio ni kutembea kilomita saba asubuhi bila kula.

SWALI: Wakala ananiambia atanipatia nafasi ya uanagenzi Ujerumani, nimlipe nusu kwanza. Huko wanagenzi wanalipwa kweli? Nina Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza.
Kijana, Mombasa

JIBU: Wanalipwa. Kwa mikataba iliyoanza 2025 kiwango cha chini cha mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi kabla ya makato, na huongezeka kila mwaka wa mafunzo. Pesa hiyo ni ngumu kuishi nayo kwenye jiji kubwa ukilipa kodi ya chumba. Mwanagenzi huenda shule ya ufundi siku moja au mbili kwa wiki, au kwa vipindi vya wiki kadhaa, na muda uliobaki yuko kazini. Muda wa majaribio ni mwezi mmoja hadi minne, na katika muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Uuguzi una sheria yake: miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini.

A1 haitoshi. Kwa kawaida viza ya mafunzo hudai B1 (ngazi ya tatu), na waajiri wengi wa uuguzi hutaka B2 (ya nne), kwa sababu shule yote ni kwa Kijerumani, pamoja na mitihani. Zaidi ya robo ya mikataba ya uanagenzi huko huvunjika kabla ya kumalizika, hata kwa wenyeji wa lugha. Tumia pesa uliyomwandalia wakala kulipia masomo ya lugha.

Usimlipe nusu. Dai kwanza mkataba wenye jina la kampuni, fani, tarehe ya kuanza na malipo ya kila mwaka, kisha iandikie kampuni mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, isiwe ile aliyokupa wakala. Mkataba wa ufundi husajiliwa kwenye chemba ya biashara au ya mafundi ya eneo husika, na chemba hujibu barua pepe. Makubaliano ya Kenya na Ujerumani yaliyotiwa saini Berlin Septemba 2024 ni ya serikali mbili. Hayampi wakala nafasi ya kuuza.

SWALI: Nimejifunza useremala kwa mjomba tangu utoto, sijakanyaga chuo. Naweza kupata cheti?
Fundi seremala, Kigoma

JIBU: Unaweza. Ulizia ofisi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyo karibu nawe kuhusu kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utapewa kazi uifanye mbele ya wakaguzi, na utaulizwa maswali ya kwa nini. Mafundi wa mtaani mara nyingi hawashindwi na mikono. Wanashindwa kusoma mchoro wenye vipimo vya milimita, kutaja aina za viungo vya mbao kwa majina, na kueleza usalama wa msumeno wa mviringo. Jifunze hayo matatu kwa mwezi mmoja kabla ya kwenda, na ubebe picha za kazi zako, hasa za kiti au kabati likiwa bado halijafunikwa, viungo vikionekana.